Kabla ya Chupa ya Pili: Kusoma Presha ya Vena kwa Ultrasaundi

Kijana aliletwa saa nane za usiku kwa bodaboda, amekaa katikati ya dereva na kaka yake ili asianguke. Presha 80 kwa 60, mapigo ya moyo 128, mikono baridi. Alikuwa amekonda sana, na kaka yake alisema homa za jioni zimemsumbua miezi miwili. Nilipofika wodini chupa ya kwanza ya dripu ilikuwa imekwisha, na muuguzi wa zamu alikuwa ameshika ya pili. Simlaumu. Presha ikishuka na mikono ikipoa, sote tumezoea kufikiria maji kwanza.

Nilimwomba dakika tano. Nikaweka probu, kile kichwa cha mashine ya ultrasaundi kinachoshikwa mkononi, chini ya kidari, nikaukuta mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, vena kava, umejaa, upana wake sentimita 2.6, hautikisiki hata anapovuta pumzi. Nikainamisha probu kidogo kuelekea moyoni. Maji yalikuwa yameuzunguka moyo pande zote, na kuta za vyumba vya kulia zilikuwa zikibonyea ndani kila pigo. Moyo ulikuwa umebanwa, na chupa ya pili isingeubandua mkono uliokuwa umeubana. Kabla ya adhuhuri alikuwa Arua, kwenye hospitali ya rufaa, maji yakatolewa kwa sindano, na baadaye akaanzishiwa dawa za kifua kikuu.

Mimi ni afisa kliniki, nimefanya kazi Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na vituo vya jirani miaka 19. Naandika haya kwa wenzangu wa vituo vya afya vya daraja la nne, wale ambao mashine ya ultrasaundi ililetwa kwa ajili ya wajawazito na mpaka leo haijagusa tumbo la mwanamume. Mashine hiyohiyo inatosha.

Tunapima nini hasa

Vena kava ya chini hukusanya damu kutoka miguuni na tumboni, hupita nyuma ya ini, hupenya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kumwaga damu kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo. Katikati yao hakuna mlango wa kuzuia kitu. Kwa hiyo presha iliyo ndani ya chumba kile ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye mshipa huu.

Ukuta wa mshipa ni mwembamba. Mtu akivuta pumzi, presha ya kifuani hushuka, damu hunyonywa kuingia moyoni, na sehemu ya mshipa iliyo tumboni husinyaa. Presha ya upande wa kulia ikiwa ndogo, mshipa husinyaa sana. Ikiwa kubwa, mshipa hukaa umekaza kama tubu ya baiskeli iliyojazwa pampu, pumzi ije au isije. Basi tunatazama mambo mawili: upana wake, na jinsi unavyosinyaa.

Shika jambo moja kabla hujawasha mashine. Mshipa huu unaonyesha presha. Hauonyeshi ni lita ngapi za maji ziko mwilini, na wala hauagizi dripu. Mwaka jana, katika Ramadhani, muuguzi wetu mmoja aliyekuwa amefunga alikubali tumpime alasiri: sentimita 1.2, na ukisinyaa karibu wote. Tukampima tena baada ya futari na chai: 1.7. Mara zote mbili alikuwa mzima kabisa, na hakuna ambaye angemtundikia chupa. Nawafanyia wanafunzi wote zoezi hili, au mfano wake, kwa sababu wengi wakishaona mshipa umesinyaa mkono huenda wenyewe kwenye dripu.

Kumlaza mgonjwa

Alale chali, mto mmoja chini ya kichwa, magoti yakunjwe ili tumbo lilegee. Akishindwa kulala chali kwa sababu anakosa pumzi, usimlazimishe. Inua kichwa cha kitanda, kisha andika kwamba ulimpima akiwa ameinuliwa, maana namba hubadilika kwa mkao. Kwa akina mama nafunika kitenge kifuani na kingine kuanzia kitovuni kushuka, chembe cha moyo pekee ndicho kinachobaki wazi. Namweleza kila hatua kwa lugha anayoijua. Hapa kwetu inaweza kuwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi au Kiswahili, na kwa wageni kutoka Sudan Kusini mara nyingi namwita mwenzangu anayejua Kiarabu cha Juba. Mtu mwenye hofu hupumua vibaya, na upumuaji ndio kipimo chenyewe.

Jeli ipashe moto viganjani kwanza. Jeli ya baridi hukaza tumbo.

Tumia probu pana iliyopinda, ile ya tumbo. Yenye uso mdogo ya moyo nayo inafaa. Weka kina sentimita 15 kwa kuanzia, halafu punguza ikiwa mgonjwa ni mwembamba. Usikandamize. Nimeona mshipa wa mtu mzima ukibanwa na mkono wa mpimaji mpaka ukaonekana mtupu.

Kuutafuta mshipa

Wengi huanza kwa kuweka probu kwa urefu, wakapata bomba jeusi la kwanza, wakapima. Mimi nasisitiza kuanza kwa upande. Probu ilale kwa mapana kwenye chembe cha moyo, alama yake ielekee kulia kwa mgonjwa. Tafuta uti wa mgongo: upinde unaong'aa na giza nyuma yake. Mbele ya upinde huo kuna duara mbili. Ya kushoto kwa mgonjwa ni aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, yenye ukuta mnene unaong'aa. Ya kulia kwake, iliyolala nyuma ya ini na mara nyingi yenye umbo la yai, ndiyo vena kava. Iweke katikati ya skrini.

Sasa zungusha probu polepole robo duara, alama ielekee kichwani, bila kuipoteza duara ile. Itarefuka iwe bomba. Lifuate kuelekea kichwani mpaka ulione likifunguka ndani ya moyo. Hapo usiseme "nadhani". Usipoliona likiingia moyoni, hujaipata. Njiani utaona pia vena ya ini ikijiunga nalo kutoka upande wa juu wa picha.

Usitegemee mpigo kutofautisha mishipa hii miwili. Vena kava iliyo karibu na moyo nayo hurukaruka, kwa kuwa moyo na aota vinaisukuma. Aota haiingii kwenye chumba cha kulia, hupita nyuma ya moyo, na hutoa matawi mawili kwa mbele muda mfupi baada ya kuingia tumboni. Ukiona matawi hayo, rudi kulia kidogo.

Tumbo likiwa na gesi nyingi hutaona kitu. Mwambie avute pumzi kidogo na kuishikilia ili ini lishuke uione njia, kisha apumue kawaida kabla hujapima. Ikishindikana, nenda ubavuni kulia, mstari wa katikati ya kwapa, utazame kupitia ini. Utauona mshipa, na utajua kama umekaza au umelegea. Lakini upana unaoupima kutoka ubavuni ni wa mhimili mwingine, haulingani na ule wa mbele, kwa hiyo usizitie tarakimu hizo kwenye hesabu nitakayoieleza chini.

Mahali pa kupima, na kosa la ndizi

Pima sentimita 1 hadi 2 kabla ya mshipa kuingia moyoni, karibu na pale vena ya ini inapojiunga. Mstari wa kupimia ukate mshipa kwa pembe mraba, kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Usipime kwenye kiwambo chenyewe.

Upana mkubwa ni wa mwisho wa kutoa pumzi. Kisha mwambie mgonjwa avute hewa puani kwa ghafla, mdomo umefungwa. Wazee wengi hawaelewi maneno "vuta hewa puani". Mimi huwaambia, "Mzee, nusa kama umesikia harufu ya nyama inayochomwa," nao hunusa vizuri sana. Hapo upime upana mdogo.

Mashine nyingi zina modi ya M, inayochora mstari mmoja kwa muda na kukupa picha nzuri ya mawimbi. Itumie kwa uangalifu. Mtu akivuta pumzi mshipa mzima huteleza kuelekea miguuni, wakati mstari wa M umebaki palepale, kwa hiyo unaweza kuwa umepima sehemu mbili tofauti ukadhani ni moja. Mimi hurekodi kipande cha sekunde 10, nikakirudisha nyuma picha kwa picha, nikapima karibu na vena ileile ya ini mara zote mbili.

Nafika sasa kwenye kosa lililonisumbua zaidi kuliko yote. Chukua ndizi, uipasue kwa urefu. Kisu kikipita katikati, unapata uso mpana. Kikipita pembeni, unapata kijiuso chembamba, ingawa ndizi ni ileile. Probu ni kisu. Mgonjwa akivuta pumzi mshipa huteleza pia kwa upande, na probu iliyokuwa katikati hujikuta pembeni. Kwenye skrini utaona mshipa "umesinyaa" kabisa. Haujasinyaa, umekuponyoka.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpima mama mmoja aliyekuwa akitapika, nikaandika sentimita 0.6, nikaagiza lita moja. Baada ya nusu lita alianza kukohoa akiwa amelala. Nilirudisha probu kwa upande, nikaukuta mshipa ni duara kamili iliyokaza, zaidi ya sentimita 2. Nilikuwa nimepima ganda la ndizi. Tulifunga dripu, tukampa dawa ya kutoa maji, akapona, na uchunguzi ulionyesha ana ugonjwa wa vali za moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Tangu siku hiyo sikubali kipimo cha urefu ambacho hakijathibitishwa kwa upande. Duara iliyojaa ina presha. Umbo lililobapa kama kunde halina presha kubwa. Mara nyingine picha hiyo ya upande peke yake hunitosha kuamua.

Hesabu na maana yake

Upana mkubwa toa upana mdogo, gawanya kwa upana mkubwa, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya kusinyaa.

Miongozo ya kupima moyo kwa ultrasaundi iliyotolewa Marekani mwaka 2010, ambayo wengi duniani tunaifuata, inasema hivi kwa mtu mzima anayepumua mwenyewe. Mshipa wa sentimita 2.1 au chini, unaosinyaa zaidi ya asilimia 50 kwa kunusa: kadiria presha ya chumba cha kulia kuwa 3, yaani kati ya 0 na 5, kwa milimita za zebaki. Mshipa unaozidi 2.1 na kusinyaa chini ya asilimia 50: kadiria 15, kati ya 10 na 20. Usiotimiza hili wala lile: 8, kati ya 5 na 10. Mgonjwa asiyeweza kunusa hupimwa kwa pumzi ya kawaida, na hapo mpaka ni asilimia 20 badala ya 50.

Mifano. Mshipa wa 1.8 unaoshuka hadi 0.7 umesinyaa asilimia 61, basi presha ni kama 3. Mshipa wa 2.4 unaoshuka hadi 2.0 ni asilimia 17, basi ni kama 15. Wa 1.9 unaoshuka hadi 1.3 ni asilimia 32, uko katikati, 8. Ukizungumza na wazee wa kazi waliozoea kupima kwa safu ya maji, milimita moja ya zebaki ni sentimita 1.36 za maji, kwa hiyo 15 ile ni kama sentimita 20 za maji.

Ile 8 ya katikati mimi huichukua kama mshipa umekataa kujibu. Hapo geukia kwingine. Tazama vena ya shingo ya kulia mgonjwa akiwa ameinuliwa nyuzi 45: pima kwa rula urefu wa damu juu ya pembe ya kidari, ongeza 5, umepata presha kwa sentimita za maji bila umeme wala betri. Weka probu kifuani utafute mistari inayong'aa ikishuka kutoka kwenye ngozi ya pafu, dalili ya maji mapafuni. Kisha utazame moyo wenyewe, hata kama unajua kutofautisha tu unaokaza vizuri na uliochoka.

Pale mshipa unapodanganya

Mgonjwa wa pumu anayepigania pumzi hunyonya kwa nguvu nyingi, na mshipa wake unaweza kusinyaa kuliko presha halisi inavyostahili. Vijana wanaocheza mpira kila siku huwa na mshipa mpana huku presha yao ni ya kawaida. Mjamzito wa miezi ya mwisho mfuko wa uzazi humlalia mshipa anapolala chali, hivyo mgeuze kidogo ubavu wa kushoto, na bado usiamini sana tarakimu zake. Tumbo lililokaza kwa maji au uvimbe hubana mshipa kutoka nje.

Mgonjwa anayepumuliwa na mashine ana hesabu yake: hewa inasukumwa ndani badala ya kunyonywa, na mshipa hupanuka anapoingiziwa pumzi. Usitumie kwake hesabu ya hapo juu.

Kisha kuna mioyo yetu ya huku. Vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, maji ya kifua kikuu kuzunguka moyo, na ule ugonjwa wa utando wa ndani ya moyo kuwa mgumu kama kovu, ambao daktari Davies aliueleza katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1948. Wagonjwa hawa huishi miaka na mshipa uliovimba. Mmoja wao akitoka damu tumboni au akiharisha siku tatu, mshipa unaweza kubaki mpana ilhali amepungukiwa kweli. Uliza historia. Tafuta kipimo chake cha zamani ulinganishe.

Watoto tarakimu hizi haziwahusu. Upana wa mshipa wao hutegemea umri na mwili, na njia inayotumika ni kuulinganisha na aota iliyo kando yake. Mimi kwa mtoto hutazama umbo tu, nikishirikisha na dalili nyingine zote.

Kwa nini naukazania mshipa huu

Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Hapa kwetu walikuwemo watoto wa Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Waliomiminiwa maji ya haraka mshipani walifariki zaidi: 10.6 kwa mia ndani ya saa 48 katika kundi moja la maji ya haraka na 10.5 katika jingine, dhidi ya 7.3 kwa ambao hawakumiminiwa. Watoto wa kuhara na wa utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo usimnyime maji mtoto wa kipindupindu kwa kutaja FEAST. Mwaka 2017 ukaja utafiti wa Zambia kwa watu wazima wenye maambukizi makali ya damu na presha ya chini: waliopewa maji mengi mapema kwa kufuata utaratibu maalumu walifariki hospitalini 48.1 kwa mia, na waliotibiwa kwa njia ya kawaida 33.0.

Nilisomea kazi hii nikiamini kwamba chupa ya dripu, hata isipomsaidia mgonjwa, haitamdhuru. Takwimu hizi zilinivua imani hiyo. Na hatuna mashine ya kumpumulia mtu aliyejaa maji mapafuni, wala oksijeni ya kutosha usiku kucha. Ndiyo maana mimi hutumia mshipa huu zaidi kujua wakati wa kusimama kuliko wakati wa kuanza. Mtu anayetoka damu au anayeharisha anaonekana kwa macho, mwanzishie maji usisubiri mashine. Ila kabla ya chupa ya pili, weka probu. Mshipa bado umebapa na mapafu ni makavu? Endelea, nusu chupa, tazama tena. Umeanza kujaa na kuacha kusinyaa? Funga dripu, hata kama presha ya mkononi bado haijaridhisha, utafute sababu nyingine na uite Arua mapema. Umejaa tangu mwanzo? Panda moja kwa moja moyoni, kama kwa yule kijana.

Kuandika

Wagonjwa wetu hubeba historia yao kwenye daftari la shule, na daftari hilo ndilo litakalofika Arua hata simu ikikosa mtandao. Usiandike "vena kava kawaida". Neno hilo halimsaidii daktari atakayelifungua baada ya saa moja barabarani. Mimi huandika hivi: "Vena kava 2.4, akinusa 2.0, kusinyaa asilimia 17, imethibitishwa kwa upande. Amelala chali, anapumua mwenyewe. Saa 4:20 usiku, baada ya chupa 1." Chini yake nachora duara jinsi nilivyoiona, iliyojaa au iliyobapa. Kisha nafuta jeli yote kwenye probu kwa kitambaa laini, naisafisha kwa dawa iliyoruhusiwa na watengenezaji wa mashine, na kurudisha mashine kwenye chaji, maana wodi ya wazazi wataihitaji kabla ya asubuhi.